Jua la Mwalimu Kwenye Bandari ya Tanga

Mwalimu yule wa kutoka Kilole nilimchukia, na wala sioni haya kusema. Kijiji chetu cha ujamaa huku Handeni kilikuwa kinangoja wageni wa wilaya, naye akapewa ukuta wa ofisi achore bandari ya Tanga, watu waone mkonge unakokwenda. Bandari yenyewe hajawahi kuiona! Akaja kwa baba, aliyekuwa kuli kule kabla ya Uhuru.

Siku tatu alikula ugali wetu huku anauliza. Baba akamweleza yote. Meli zilitia nanga mbali, na marobota ya mkonge yalipelekwa kwa tishari, chombo kipana cha kuvutwa. Akamweleza na kifo cha baba mdogo: alasiri ya mvua, wingu zito, mawimbi yanalirusha tishari, mdogo wake akateleza akabanwa kati yake na meli. Bibi, mama yao, alisimuliwa hayo miaka yote na hakuyaamini sawasawa.

"Chora hivyohivyo, mwalimu," baba akaomba. "Mama aone mwenyewe."

"Ondoa shaka, mzee."

Ondoa shaka! Siku ya wageni shuka lililofunika ukuta lilipovutwa, nikaona jua. Jua kila mahali, manjano ya kumwagika, na bahari imetulia kama maji ya mtungini. Meli imeegeshwa ukingoni kama basi stendi. Makuli wanacheka, kila mmoja na robota lake begani, robota ambalo wanaume wanne hulisukuma wakihema. Wakubwa wakapiga makofi. Nikamvaa mwalimu, nikamuuliza mvua kaipeleka wapi.

"Kamati haikutaka huzuni," akanijibu, bila hata aibu. "Ofisi inataka mwanga."

Mshenzi mkubwa.

Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Kwake yeye mwalimu hakosei, kasoma. Akatazama muda mrefu, kisha akamgeukia baba mbele ya kijiji kizima.

"Jua linawaka hivi, maji yametulia hivi, na mwanangu akafa? Wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

Baba angesema nini, na picha imeshapigiwa makofi?

Bibi aliishi nasi miaka minne zaidi. Uji aliupokea kwa mkono wa mama yangu tu. Kila asubuhi baba alisimama mlangoni pake akasema shikamoo, na hakuitikiwa hata siku moja.