Nesi wa Mwanga Mwekundu

Nesi wa zahanati ya Shelui hupangusa sikio la mgonjwa kwa pamba yenye spiriti, polepole, kama anayemwogesha mtoto, ndipo huligusisha ncha ya leza, mashine ya mwanga mwekundu inayosemekana kuachisha sigara. Mazengo, dereva wa lori aliyechoshwa na kikohozi cha sigara, alikunja uso akisubiri kuungua. Hakuhisi chochote.

"Sigara ya kwanza alikupa nani?" nesi aliuliza kwa sauti yake ya chini.

"Marehemu baba. Tulivuta pamoja tukichunga ng'ombe."

Nesi akazima mashine, akavuta stuli, akakaa. Mazengo akajikuta analia.

"Dada, ni huo mwanga unaoniliza?"

"Hata mimi sijui, kaka. Nisimulie habari za baba yako."

Wagonjwa wengine waligonga mlango, nesi hakuinuka. Mazengo alisimulia mpaka adhuhuri bila kukumbuka kuvuta, wala kuelewa ametibiwa na nini.