Nne Isiyopungua

Miaka yote niliyouza vitenge mtaani Malvern, hakuna aliyewahi kunikataza kubishana bei. Kwenye ofisi ya kura za maoni pale Braamfontein nilikatazwa kabla sijakaa. Kazi ilikuwa kuwapigia simu watu wanaoongea Kiswahili huko Amerika, tuwaulize habari za siasa na dini. Soma swali kama lilivyoandikwa, pokea jibu kama lilivyotolewa. Usimvute mtu juu, usimshushe. Eish. Nilikubali, maana nilikuwa na hamu kubwa ya kuisikia Amerika ikijibu, tena muulizaji ni mimi.

Simu ya kwanza ilipokelewa na mama wa Kikongo aliyekwisha kupata uraia wa huko, na sasa anangoja kupiga kura yake ya kwanza. Alijibu kwa furaha, nami nikashika kasi. Ndipo nikafika hapa: "Viongozi wa kanisa wawaambie waumini wampigie kura nani. Moja, unakubali sana. Mbili, unakubali kiasi. Tatu, unakataa kiasi. Nne, unakataa kabisa."

Sauti yake ikashuka. "Dada, pasteri yangu ameingia sasa hivi. Ni yeye anatuambiaka kila ibada."

"Nikupigie siku nyingine, mama?"

"Hapana. Tumalize leo." Na hapohapo akapaza sauti: "Hizo vitenge, dada, mi natoa nne."

Sikuwa nimemwambia kwamba nauza chochote, sembuse vitenge. Nikaandika nne.

Msimamizi wetu, kijana Mkenya aliyekuwa akisikiliza simu zote, akanigusa bega. "Mathe, mama yangu, hiyo futa. Huyo ananunua nguo."

"Anajibu," nikasema, mkono juu ya maikrofoni.

"Labda. Lakini siwezi kuhesabu labda."

Haki yake. Nilijua kabisa mama anamaanisha nini, ila kujua kwangu hakukuwa na thamani yoyote mle ofisini. Niliruhusiwa kitu kimoja tu: kusoma swali upya, neno kwa neno. Nikalisoma, kuanzia viongozi wa kanisa mpaka nne, kwa sauti kavu ya mtu asiye na cha kuuza.

"Nimesikia bei zote," akasema. "Hiyo mbili yako peana kwa wengine. Mi nimechagua nne. Nne ya kabisa, dada. Kabisa."

Msimamizi alijipangusa uso kwa kiganja, kuficha kicheko. "Sawa. Hiyo iache."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikasoma swali linalofuata.

Tulipokwisha kumaliza, sauti ya mwanamume ikaingia: "Leta simu nikusaidie. Hawa wa vitenge wanadanganyaka." Kisha akanigeukia mimi. "Bonjour, mama. Mmepatana ngapi na huyu mtoto wangu?"

Msimamizi akakaa wima. Uongo ni marufuku, na jibu la mtu ni siri yake. Nikashukuru kwamba nimekulia sokoni.

"Shikamoo, pasteri. Alichoniambia yeye ni chake. Simwambii mtu mwingine."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, pasteri."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamsikia akimwambia yule mama, "Huyu ni mgumu. Ulimpata wapi?"

"Mi sikumpata," mama akajibu. "Ni yeye alinitafuta, aniulize mi nataka nini."