Barua ya Kurasa Tatu

Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana wajukuu, hunitania kwamba barua ya mwalimu humalizika kusomwa kabla chai haijapoa. Wanadhani ni ustadi. Mimi hucheka nao, kisha usiku usingizi hunipaa, maana nakumbuka ile niliyoiandika Temeke.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa nimeteremka kutoka bara na cheti changu cha ualimu, nikapanga chumba katika nyumba ya makuti ya fundi seremala mmoja mwenye karakana yake Keko. Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa mama wa Kizaramo na binti yake wa miaka minne. Mumewe alikuwa mkata mkonge upande wa Kilosa. Katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyejua kusoma na kuandika, na nilihakikisha hakuna anayelisahau jambo hilo.

Ijumaa moja alasiri yule mama alisimama mlangoni kwangu. Mtoto alikuwa na homa kwa siku ya tatu, na dawa ya hospitali ilikuwa haijamsaidia.

"Mwalimu, niandikie barua kwa baba yake. Andika: mtoto hawezi, njoo."

"Halafu?"

"Basi. Hivyo tu. Mwenyewe atajua."

Nilimwonea huruma, lakini zaidi nilimwonea aibu. Barua gani hiyo? Mtu apokee karatasi yenye maneno matatu, bila salamu, kana kwamba imeandikwa na mtu asiye na adabu? Na huyo asiye na adabu ningekuwa mimi, maana huko kambini kwa wakata mkonge kila mtu angeuliza ni nani aliyeiandika. Nilimwambia aniachie, nitaipanga vizuri.

Nikakaa mezani. Nikaanza kama tulivyofundishwa misheni: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, na baada ya salamu, sisi sote huku hatujambo, wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Sikufikiri hata kidogo. Barua zote duniani, kwa ninavyojua, zilianza hivyo.

Kisha nyumba ikasikia kwamba barua inaandikwa. Fundi akapita dirishani akasema naye atajwe, tena aelezwe kwamba paa la uani limeezekwa upya. Bibi wa chumba cha nyuma, muuza vitumbua, akaleta salamu zake na za dada yake wa Tandale. Ningemkataliaje bibi wa watu? Nikaandika mvua ilivyonyesha. Nikaandika mimi ni nani, nimetoka wapi, na nimefurahi kumfahamu kwa njia ya kalamu. Sentensi hiyo niliipenda sana.

Mtoto nilimfikia kwenye ukurasa wa tatu. Hata hapo mkono wangu haukukubali kuandika "hawezi". Nilifundishwa kwamba mtu aliye mbali hashtuliwi ghafla, kwa hiyo niliandika kwamba binti yako ana joto kidogo siku mbili tatu hizi, nasi tunamwomba Mungu, na ukipata nafasi ingefaa ufike.

Nilimsomea mama yote. Alisikiliza huku akigeuza shingo kila mtoto alipokohoa.

"Mbona ndefu?" aliuliza.

"Ndiyo barua, dada."

"Na kuja umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akashukuru. Kesho yake nikaipeleka posta mwenyewe.

Wiki iliyofuata, nikirudi kutoka shuleni, nilikuwa nikimsikia yule mtoto ng'ambo ya ukumbi. "Baba kaja?" Mama yake alimjibu yuko njiani. Jumanne aliuliza, Jumatano aliuliza, Alhamisi aliuliza kwa sauti ambayo ilinibidi nisimame ndipo niisikie. Ijumaa alfajiri alifariki, na kabla ya adhuhuri alikuwa amezikwa. Sauti ile naisikia hadi leo, katika nyumba yangu hii ya matofali ambayo mtoto yule hakuwahi kuiona, na sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa ndani.

Baba alifika Jumanne, amebeba kiroba cha mahindi mabichi na gauni la mtoto lililokunjwa ndani ya gazeti. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Aliwaona wanawake wamekaa mkekani, akaweka mzigo chini.

Mkewe hakunilaumu. Nilipompa pole alijibu, "Tushapoa, mwalimu," akaniuliza habari za shule. Ningefurahi kama angenitukana.

Siku ya pili mumewe aliniita barazani. Alinieleza bila ukali. Barua yangu ilimfikia Jumanne ya wiki iliyopita, saa ya chakula. Karani wa shamba alianza kumsomea ukurasa wa kwanza, kengele ya kazi ikalia, na zile kurasa nyingine zikangoja Jumapili, siku ya mapumziko. Jumapili hiyo hiyo, aliposikia neno joto, aliomba ruhusa akaondoka. Kumbe angeondoka ile Jumanne, angemkuta mtoto bado anazungumza.

Akaitoa barua mfukoni, imelainika kwa jasho.

"Nisomee tena wewe uliyeiandika. Nataka nisikie mwanangu yuko wapi humu ndani."

Nilisoma. Sikuruka neno. Nilisoma salamu zile nyingi, naye, kwa mazoea tu, akaziitikia taratibu, macho yakiwa chini. Nikafika kwenye sisi sote huku hatujambo, wazima wa afya.

Akaweka kidole juu ya karatasi, mahali popote tu, maana kusoma hakujua.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo nilipomwambia karani aikunje, nimeshasikia. Nilifurahi, mwalimu. Wiki nzima nilifurahi. Ile Ijumaa nilikata mkonge huku naimba."