Mzani wa Shangazi na Kompyuta Isiyonguruma

Siku kompyuta mpya ilipofika kwangu Gongoni, mjini Tabora, niliiwasha halafu nikaitegea sikio. Kimya. Nikadhani haijawaka. Nilikuwa nimeizoea ile ya zamani, ambayo ukiipa kazi ya maana inanguruma kama mashine ya kusaga na kukuchoma mapaja, na umeme ukikatika inazimika hapohapo kwa sababu betri yake ilishakufa. Hii mpya inashinda siku nzima bila kuchajiwa, ya baridi kama mtungi. Kazi yangu ni kuandika programu. Zamani nikiiambia kompyuta iandae programu nilikuwa napata muda wa kwenda kunywa kahawa barazani na kurudi; sasa ilikuwa tayari kabla sijanyanyuka. Nilicheka peke yangu chumbani.

Ubaya wake niliujua tangu mwanzo. Prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, ni ya aina nyingine kabisa, na programu zilizotengenezewa prosesa za zamani haizielewi. Baadhi inazitafsiri yenyewe kwa kujikongoja, nyingine inazikataa katakata. Nikasema potelea mbali, zitakazokataa nitazitafutia dawa.

Mchana huohuo akaingia jirani yangu, fundi cherehani, Mzaramo aliyehamia Tabora akiwa kijana akazeekea hapa. Huyu ni mtani wangu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu mpaka Pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakala kwao, wakaugua na kuzikwa kwao, na utani wetu ukazaliwa humohumo njiani. Mtani anaweza kuja msibani kwako akamsema marehemu vibaya mbele ya jeneza. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na huna ruhusa ya kununa. Ukikitaka, unakikomboa kwa sharti lake. Basi fundi akaziangalia kompyuta mbili mezani, akaifunga ile ya zamani, akaitia kwapani.

“Mnyamwezi, mizigo miwili ya nini? Mmoja nakupokea.”

Nilicheka mpaka machozi. Nikamsindikiza hadi nje, na nikamfungulia mlango mimi mwenyewe.

Kesho yake ndipo nilipoacha kucheka. Shangazi yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki katika kijiji kimoja mbele ya Urambo. Miaka yote asali yao ilipimwa kwa mzani wa kuning'iniza. Mmoja anasoma, wengine wanaamini au wananuna. Shangazi akawashawishi wanunue mzani wa kielektroniki, nami nikamwandikia programu ya kuonyesha uzito kwa tarakimu kubwa kwenye kompyuta, ili kila mtu ajisomee. Mzee mmoja, mwenye mizinga mingi kuliko wote, hakutaka kusikia habari hiyo. Alisema asali yake atampa mchuuzi anayepita na gari, na kila mtu alijua kwamba mzee huyo akitoka, nusu ya wanachama watamfuata na kikundi kitakufa. Shangazi akasimama mkutanoni akatoa ahadi. Jumamosi watapima mbele ya watu wote, na mashine ikishindwa, anaacha uenyekiti.

Nikachukua flashi niliyokuwa nimehifadhi nakala za kazi hiyo, nikaanza kuzihamishia kwenye kompyuta mpya. Programu yangu ikakubali bila shida. Kile kiprogramu kilichokuja na mzani, kinachowezesha mzani na kompyuta kuelewana, kikagoma. Kilitengenezewa prosesa za zamani tu, na waliokitengeneza hawakuwa na kingine. Nikasema hii imekula kwangu. Nikaenda kwa fundi mbio, na kandambili zangu zinatofautiana.

Sharti lake lilikuwa tayari. Nibebe mfuko wa mchele kichwani kutoka sokoni mpaka mlangoni kwake, peke yangu, kama babu zangu. Mimi hasira zangu haziko mbali. Nilimwambia ukoo wake wote haujawahi kubeba hata kikapu, nikarudi nyumbani nimevimba.

Kwa hasira hizohizo nikaufungua mwongozo wa mzani na kuusoma mstari kwa mstari, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Humo nikakuta kwamba mzani hauna siri yoyote. Kazi yake ni kutuma tarakimu kupitia waya, mstari baada ya mstari, na yeyote anayejua kusikiliza atazisoma. Kiprogramu chao sikukihitaji tena. Nikaandika changu, kifupi, kwenye hiyo kompyuta mpya, na kilipokubali nilipiga ukelele mpaka majirani wakadhani nimepata mtoto.

Lakini mzani wenyewe ulikuwa kijijini, na sikuwa na pa kukijaribia. Ile ya zamani nilishaijaribu nao, na uenyekiti wa Shangazi si kitu cha kubahatisha. Basi Ijumaa asubuhi nikameza kiburi changu, nikajitwisha mchele. Fundi alitangulia na baiskeli akipiga kengele, akiwatangazia watu kwamba msafara wa bara umewasili. Kina mama wa mboga walinipigia vigelegele, shingo ikanikakamaa, miwani ikateleza mpaka puani, na katikati ya njia nikajikuta nacheka kuliko wote. Mchele ule ule ukapikwa pilau nyumbani kwake, nikala sahani mbili, nikarudishiwa kompyuta yangu.

Jumamosi nikafika kijijini na mashine zote mbili. Shikamoo Shangazi, marahaba mwanangu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye begi langu. Watu walishajipanga na ndoo zao. Yule mzee alikuja na ndoo moja tu, ya kutupima sisi. Nikachagua usalama, nikaitoa ile ya zamani. Mzani ulikuwa na betri zake, lakini kompyuta hiyo ilitaka umeme, na kijijini hakuna, kwa hiyo tukawasha jenereta.

Mpwa mzima wa mfuga nyuki, na hilo halikunijia akilini! Nyuki walikuwa wakizengea ndoo kwa upole wao. Waliposikia mtetemo na moshi wa petroli, walipandwa na wazimu. Foleni ikatawanyika, nyuki mmoja akaingia kwenye feni ya kompyuta akasagwa humo, na Shangazi akadungwa sikioni. Hakulishika hata hilo sikio.

“Zima hilo linalonguruma. Tumia jingine.”

“Shangazi, hilo sijalijaribu na mzani.”

“Basi lijaribu sasa, mbele yao.”

Tukazima jenereta, tukangoja nyuki watulie na watu warudi. Nikachomeka waya kwenye ile mpya, na kwenye skrini zikaja alama za ajabu zisizosomeka. Watu wakaguna. Mzee akaanza kuinama kuchukua ndoo yake iliyokuwa juu ya mzani. Nikagundua kwamba kompyuta inasikiliza upesi kuliko mzani unavyosema, nikabadilisha namba moja, na uzito ukatokea, mkubwa, mweusi, wazi.

Mzee akaisogelea skrini. Akaishusha ndoo, ikaja sifuri. Akairudisha, uzito ukawa uleule. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, tarakimu zikapanda, akakiondoa, zikashuka. Kisha akageuka, akatoka bila kuaga mtu.

Shangazi alibaki amesimama kando ya mzani. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyeleta ndoo nyingine kwenye mzani.

Tukasikia magurudumu. Mzee alikuwa anarudi na mkokoteni wa ng'ombe, umejaa ndoo alizokuwa ameziacha barabarani zikimsubiri mchuuzi. Akausimamisha mbele ya mzani.

“Mwenyekiti,” akamwambia Shangazi, “naomba watu wa kunisaidia kushusha.”

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Shangazi hakuita mtu. Alikwenda mwenyewe kwenye mkokoteni, sikio limevimba, machozi yanamtoka huku anacheka, akaikumbatia ndoo ya kwanza.