Anayefuata Wageni Akaribishwe Kahawa

Wanaume wa Tanjung Bile ni wazuri, na anayebisha amuulize yeyote kati yetu. Kusini yote ya kisiwa chetu cha Lombok, huku Indonesia, huwezi kupata mabega kama yetu wala meno kama yetu. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kusadiki habari hiyo, naye ni Inaq Rohani, mjane mwenye vyumba vinne vya kupangisha wageni nyuma ya msikiti. Jina alilopewa na baba yake lilishasahaulika. Tangu siku aliyomzaa Rohani amekuwa Inaq Rohani, yaani mama yake Rohani, basi, kama ilivyo kwetu sote: ukishapata mtoto wa kwanza, jina lako mwenyewe unalitundika ukutani.

Enzi za usichana wake wanaume watano walikuja kumchumbia jioni moja. Hiyo ndiyo midang. Mwanamume akimtaka binti, hamvizii njiani kama paka wa sokoni. Anavaa saruni safi, anakuja barazani kwao, anakaa mbali na binti, anakunywa kahawa ya mama mtu na kujibu maswali ya mama mtu. Wachumba wenzake wakija, anawasogezea nafasi bila kununa. Akimgusa binti hata ukucha, anatozwa faini na kijiji kizima kinapata habari kabla hajafika kwao. Wanne kati ya wale watano walijisifu mpaka kahawa ikapoa. Wa tano aliuliza kama mbuzi wao mgonjwa amepona. Akaolewa na huyo wa mbuzi, wakaishi vizuri hadi kifo kilipomchukua mumewe.

Ufukweni, hata hivyo, midang haijawahi kufika. Huko wapo vijana walioziunguza nywele kwa jua na ndimu, kila mmoja ana bangili za kuuza na jina la kizungu alilojibatiza mwenyewe. Mgeni akiwa na mume, hawamwoni. Akiwa peke yake, wanamwona hata akijifukia mchangani. Unatoka wapi, dada? Umeolewa? Mbona peke yako? Nikusindikize? Akisema hapana, wao wanasikia labda. Akinyamaza, wanasikia ndiyo. Akikasirika, wanaambiana kwamba anaona haya.

Mwaka huo chumba cha mwisho alikikodi Zdenka, mwalimu wa kuogelea kutoka Ucheki, mwanamke wa makamo mwenye mikono mirefu na maneno machache. Alikuja kwa jambo moja: kuogelea asubuhi katika ghuba yetu, peke yake, mpaka achoke. Aliogelea mara mbili tu. Mara ya pili akatoka majini akamkuta mmoja wa vijana hao, Sahrul, amekaa juu ya taulo lake.

Sahrul alikuwa mzuri kuliko sisi wote, na hilo ndilo lililomharibu. Alimfuata Zdenka kwa pikipiki mpaka dukani, akamngoja nje ya duka, akamfuata mpaka getini. Zdenka alimwambia ana mume. Akauliza yuko wapi. Zdenka akanunua gauni refu la mikono mirefu sokoni. Sahrul akamwambia limempendeza. Mwisho akamkamata mkono pale kwa muuza madafu, na watu wakaendelea kunywa madafu yao.

Asubuhi moja Inaq Rohani alimkuta mgeni wake anakunja nguo kitandani.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Nyumbani," alisema Zdenka kwa Kiindonesia chake cha kuokoteza.

"Ulisema unakaa mpaka mwisho wa mwezi."

"Nilikuja kuogelea, Inaq. Sasa naogelea bafuni kwa kopo."

Inaq Rohani akamwomba angoje siku chache. Akajitanda mtandio, akaenda kwa mkuu wa kitongoji, Haji Mustiarep, akamkuta anamwogesha njiwa wake wa kuimba.

"Vijana wanatania tu, Inaq," alisema Haji. "Wageni wanapenda kuchangamkiwa."

"Huyu hapendi."

"Umejuaje?"

"Anamwambia Sahrul kila siku."

"Basi asitembee peke yake. Na avae vizuri."

"Amejifunika mpaka kidevuni, Bwana Haji. Akizidisha hapo itabidi tumswalie."

Haji akacheka sana, maana ni mtu mpole, akamrudia njiwa wake.

Inaq Rohani alirudi akiburuza ndala. Binti yake, Rohani, yuko Taiwani anamhudumia kikongwe wa watu, na siku yake ya mapumziko huenda bustanini. Aliwahi kumwambia mama yake kwenye simu kwamba hutembea huko na funguo zimechomoza katikati ya vidole vyake. Mama alidhani ni mtindo wa huko, mpaka alipoelezwa kwamba ni za kujikinga na wanaume. Siku ile, njiani kutoka kwa Haji, alizikumbuka zile funguo, akasimama kidogo kando ya barabara kabla ya kuendelea.

Getini akakuta pikipiki inanguruma. Sahrul alikuwa ameegemea usukani kama mwenye shamba.

"Inaq, mrembo wangu yupo?"

"Yupo. Unampenda kweli?"

"Kufa na kupona."

"Basi njoo Alhamisi baada ya alasiri, umchumbie kama watu. Uvae saruni."

Sahrul nusura aanguke na pikipiki yake. Kabla jua halijatua ufuko mzima ulikuwa na habari kwamba amepata mke wa Ulaya na mama mkwe ameridhia.

Jioni hiyo Inaq Rohani akamweleza Zdenka mpango wake, na akamwambia kwamba asipoutaka, anaufuta.

"Nikae naye?" aliuliza Zdenka.

"Utakaa nyuma yangu. Si lazima useme neno. Ukichoka, ingia ndani."

"Na akinigusa tena?"

"Hatafika. Tutakuwa wengi."

Alhamisi Sahrul akaja amepakwa mafuta mpaka masikioni, saruni mpya inang'aa, kilemba kimekaa upande kwa maringo. Rafiki zake walijipanga nyuma ya ua kama watazamaji wa mpira. Barazani, kwenye lile banda la nguzo bila kuta, aliwakuta majirani wawili wa kike ambao nao hupangisha wageni, Haji Mustiarep aliyeitwa kula ndizi za kukaanga, na mwisho kabisa, kwenye kona, Inaq Sahrul, mama yake mzazi. Si desturi mama wa mwanamume kuwapo kwenye midang. Lakini hakuna desturi inayomkataza jirani kula ndizi.

"Mama, umefuata nini hapa?" alinong'ona Sahrul.

"Nimealikwa. Kaa."

Akakaa. Kahawa ikamiminwa. Zdenka alikuwa nyuma ya bega la Inaq Rohani, amekunja mikono.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?" alianza Inaq Rohani.

"Biashara, Inaq."

"Ya nini?"

"Nyingi nyingi."

"Anakodisha mbao za watu za kutelezea mawimbini," alisema mama yake.

"Mama."

"Nimenyamaza."

"Na kabla ya huyu, ulimpenda nani?" aliendelea Inaq Rohani.

"Sijawahi kupenda. Huyu ndiye wa kwanza."

"Yule Mfaransa wa kwangu alikuwa wa ngapi?" aliuliza jirani mmoja. "Aliyehama kukiwa bado giza, hata chai hakunywa."

"Na yule wa kwangu," alisema wa pili, "aliyeegemeza kitanda mlangoni."

Nyuma ya ua kicheko kikapungua. Sahrul akaona shamba linaliwa na nguruwe naye yupo, akaamua kumaliza ubishi kwa hoja moja.

"Haya ni maneno ya wivu. Huyu ananitaka, Inaq, ila anaona haya. Nilimshika mkono pale kwa muuza madafu, wala hakupiga kelele."

Kwa wenzake ufukweni, maneno hayo yangenunuliwa soda. Barazani kwa mwenye binti, mbele ya mkuu wa kitongoji, ni ushahidi, na kijana alikuwa ameutoa mwenyewe kwa sauti safi. Alizoea kujisifu mahali pasipo na mama wa mtu.

Zdenka hakuhitaji kutafsiriwa. Akapandisha mkono wa gauni. Juu ya kiwiko alama za vidole zilikuwa zimeanza kugeuka manjano.

"Nilisema hapana," alisema. "Nilisema kwa lugha yenu."

Inaq Rohani akageuka taratibu. "Bwana Haji. Binti wa hapa akishikwa mkono, faini ni nini?"

"Sasa Inaq, huyu ni mgeni..."

"Analala kwangu, anakula kwangu. Kama si binti wa nyumba hii, kijana huyu amekuja kumchumbia nani? Mimi?"

Wanawake wakacheka mpaka sahani zikagongana. Haji akaitazama ndizi aliyoishika, akaona hata nayo haina msaada.

"Gunia la mchele na nazi," alisema hatimaye. "Abebe mwenyewe mpaka msikitini, mchana, kwa miguu. Na aombe radhi."

"Nilikuwa natania tu," alisema Sahrul.

Haji akakohoa, kama mtu aliyeisikia sentensi yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mwingine.

Inaq Sahrul ndiye aliyesimama. "Tangu nikuzae natembea na jina lako," alimwambia mwanawe. "Nikienda sokoni naitwa wewe. Nikienda msibani naitwa wewe. Omba radhi, nipate pa kupita."

Akaomba, macho chini. Zdenka hakumjibu kwamba si neno. Aliinamisha kichwa mara moja kuonyesha kwamba amesikia, akaingia ndani.

Gunia lilibebwa Ijumaa, na kwa kuwa Sahrul ni mzuri, wengi walijitokeza kumtazama.

Jumamosi asubuhi Zdenka akaenda ghubani peke yake. Akaogelea mpaka kwenye mwamba na kurudi, na taulo alilikuta halijakaliwa na mtu. Njiani kijana mmoja akaanza, "Dada, unatoka wa..." na mwenzake akamvuta fulana: "Acha, huyo ana mama."

Alimsimulia Inaq Rohani jikoni, nywele zikidondosha maji, na hakuwa amefurahi kama mwenyeji wake alivyotarajia.

"Nina miaka arobaini na moja, Inaq. Nilisema hapana mwenyewe, hawakusikia. Wamekusikia wewe."

"Hawakunisikia mimi. Wameogopa gunia."

"Na mwanamke anayelala hoteli ile ya juu, asiye na mtu hapa?"

Inaq Rohani aliendelea kumenya ndizi mpaka zikaisha. Akamsogezea sahani. Zdenka akala zote, akaenda kuanika nguo yake ya kuogelea uani, na akiwa huko huko akauliza kwa sauti kesho maji yanajaa saa ngapi.