Mtoto wa Mbwa Asiyestahimili Salamu

Juzi, kwenye baraza ya boma hapa Morogoro, nilipokuwa nangoja barua yangu igongwe mhuri, nilikatazwa kusalimia.

Aliyenikataza ni bawabu, mzee wa Bigwa. Alinionyesha mtoto wa mbwa wa karani Mdachi, amelala mlangoni. "Huyu akisikia salamu hudhani ni yake. Furaha inamzidi, anakojoa. Bwana wake kaapa: akilowesha sakafu tena, atapigwa risasi."

Mara karani akaja. Mzee akaweka kidole mdomoni. Mdachi, ambaye sisi sote humwamkia kwa kuinama, akapita akinyata kama mwizi, asimtazame hata mbwa wake.

Mzee akamwongoza mbwa hadi majanini. Mbwa akakojoa, tena sana. Hapo ndipo mzee akachuchumaa: "Haya, baba, umeamkaje? Mzima wewe?" Akalambwa mkono mpaka kiwiko.

Nikamuuliza, "Mzee, si najisi?"

"Najisi," akajibu, akinionyesha ndoo ya maji na fungu la udongo vilivyokwisha wekwa tayari. "Naosha mara saba."

Kila asubuhi, mara saba! Mimi ninao ndugu ambao siwapi mkono, nisije nikalazimika kunawa hata mara moja.