Difu ya Gari la Maji

Mwaka ule tulikula sima ya makopa, ile mihogo mikavu, na mboga ya mchunga hadi midomo ikawa michungu, na aliyepata samaki alifunga mlango kabla ya kula. Ndio mwaka mkwe wangu, mume wa binti yangu, alipokuja kwangu Tezo kutoka Ganda na kilo mbili za sukari na leso mpya. Shikamoo alinipa mara mbili. Nikajiambia, huyu ana jambo.

Siku zote yeye hunywa maji wima, akaenda zake. Siku hiyo alikunywa chai vikombe viwili, na fundi aliyekuja naye akamaliza mihogo yangu, ndipo maneno yakatoka. Alitaka tubadilishane difu, lile bakuli la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, lenye meno ya kuzungusha magurudumu. Magari yetu ni pikapu za aina moja, zote kuukuu, zote zimeliwa na chumvi. Langu niliachiwa na marehemu mume wangu. Kila Jumamosi mwanangu hulipakia mapipa ya maji, tukampelekea dada yangu Ganze, na mlima wa kufika kwake ni mchanga na mawe. Likishindwa kupanda, dada yangu na wajukuu wake hawanywi.

"Difu yangu itafanya gari lako liwe jepesi, mama," mkwe akasema. "Litakimbia, na mafuta halitakula."

Jepesi. Neno hilo likanikwama. Tangu lini mchukuzi akasifiwa wepesi? Na kama ni nzuri hivyo, mbona anaitoa?

Fundi akasema zinaingiliana bolti kwa bolti, hakuna tofauti. Nikamwambia tutaona. Shule niliacha darasa la pili, lakini nimeshona makuti miaka arobaini, kuhesabu najua. Magari yakainuliwa nyuma, gia zikawa huru. Nikafunga uzi kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachotoka mbele kuja kuzungusha difu. Fundi akashika gurudumu la huku, mkwe la kule, nikawaamuru wazungushe pamoja, duara moja tu, polepole. Mkwe na shati lake la pasi, magoti mchangani. Uzi wa gari lake ulizunguka mara nne na kidogo. Wa langu, mara nne na nusu.

Fundi akacheka, eti hata nusu mzunguko haifiki, si kitu, bibi. Nikamuuliza ipi ni ya mzigo. Akamtazama mkwe. Akafuta mikono, kisha akaifuta tena.

"Hii yako," akasema. "Shafti ikizunguka zaidi, gari hupata nguvu zaidi. Hiyo nyingine ni ya lami."

Ndipo ikajulikana kwamba mkwe amepata kazi ya kubeba mawe kutoka timboni, kule yanakochimbwa, na gari lake likijaa halipandi kutoka shimoni.

"Difu yangu haitoki chini ya gari langu," nikasema.

Kwetu, mama mkwe hamjibu mkwewe hivyo, humtuma mtu. Mkwe akainama. Akapiga simu, akanipa. Alikuwa binti yangu, analia, asema nimemwaibisha kwa mumewe, timbo ndilo chakula cha watoto wake, na huko Ganze punda wa kubeba maji wapo. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana ni wangu na yaliniuma. Nikawasalimia wajukuu. Kisha nikamwambia:

"Difu yangu haitoki chini ya gari langu."